Ng'ombe wa Shangazi Ndani ya Kopo

Jumatatu, tarehe 5 Februari 2001

Ng'ombe wamefika! Sita. Wote ndani ya bahasha moja.

Nieleze, maana huenda mjukuu atasoma siku moja. Binti yangu Valérie anaolewa na Murhula, muuguzi, kijana mpole mwenye viatu safi hata siku za mvua. Kwetu sisi Bashi wa Bukavu mahari ni ng'ombe. Lakini siku hizi ukimtembeza ng'ombe barabarani, kila kizuizi cha askari kinabaki na mguu mmoja. Kwa hiyo wakwe wameleta ng'ombe wa noti. Wazee wametaja rangi ya kila mmoja, wamekunywa, wameondoka.

Watano wamekwishapata kazi: godoro, sufuria, masanduku, nguo, wajomba. Amebaki wa sita, na huyo ni shida. Ni ng'ombe wa shangazi. Huyo hawezi kuwa wa noti. Dada yangu mkubwa Séraphine, wa kule Walungu, lazima amwone na amshike mkia, ndipo asimame kumtoa Valérie nyumbani. Asipomwona anakaa mlangoni, na bibi arusi hapiti. Kwa binti wa binamu yetu alikaa mlangoni siku mbili. Kwa ajili ya mbuzi tu.

Harusi ni Jumamosi tarehe 24. Jumatano inayofuata Kwaresima inaanza, na padri hafungishi ndoa Kwaresima. Kungoja Pasaka haiwezekani. Mwezi wa tatu Murhula anapelekwa hospitali ya Bunyakiri, na hakuna ajuaye barabara ile itamrudisha lini.

Eulalie, mke wangu, amenipa bahasha. Ameniambia ninunue ng'ombe wiki hii. Nimesema ndiyo.

Lakini nawaza. Siku kumi na tisa! Noti zikae bure, zikitazama dari? Na jirani yangu Cirhuza ana friji! Mwaka jana alikuwa anauza viatu vya mitumba. Akaingia kwenye koltani, ule mchanga mweusi wanaochimba huko milimani, na sasa ana friji. Umeme hatuna tangu Krismasi. Ameweka viatu ndani. Lakini ni friji.

Mimi si mtu wa kukurupuka. Kwanza nitamwona mtaalamu.

Jumanne, 6 Februari

Mtaalamu ni Papa Donatien. Miaka ishirini na miwili nyuma ya dirisha la benki, mpaka benki ilipofunga. Sasa ana meza mtaa wa Nyawera, mwavuli mmoja, tai moja, na kartoni iliyoandikwa CONSEILLER FINANCIER, yaani mshauri wa fedha. Foleni ndefu! Tangu habari za Kinshasa mwezi uliopita, rais kuuawa na yote yale, kila mtu anataka kujua dola itaamkaje.

Hapokei noti. Ada ni robo kilo ya sukari. Nimeuliza kwa nini. Amejibu kwamba noti inaweza kuamka ni karatasi, lakini sukari inaamka sukari. Mtu wa ajabu. Nimechota kwenye kopo la nyumbani.

Nimemwuliza maswali kumi na saba. Koltani inakwenda wapi? Nani anaila? Kwa nini bei inaruka hivi? Amesema kuna viwanda vya mbali vinaitia ndani ya simu, na ndani ya mchezo fulani wa watoto wa Kijapani, wa kuchezea kwenye televisheni. Watoto wa dunia nzima waliutaka ule mchezo kwa wakati mmoja. Bei ikapanda.

Mtoto huko anabonyeza kidude, Cirhuza hapa anapata friji! Anaitwa nani huyo mtoto? Anacheza saa ngapi? Na akichoka je?

Papa Donatien amesema hilo la kuchoka ndilo swali pekee la maana nililouliza. Amenishauri ninunue ng'ombe leo leo, nisimtie ng'ombe wa dada yangu katika mchezo wa mtoto nisiyemjua. Kisha amenipa maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kununua kitu chochote. "Nani atanunua kwako? Atakuya siku gani? Na asipokuya?"

Maswali mazuri sana. Nimeyaandika kwa wino mwekundu.

Jumatano, 7 Februari

Nimerudi kwake na robo nyingine. Sukari ya nyumba hii inaisha haraka kuliko ninavyoichota. Panya, bila shaka.

Leo swali moja tu: yeye mwenyewe ameweka mali yake wapi? Akakohoa. Akafuta miwani. Akasema mambo ya wateja yanabaki mezani na ya kwake yanabaki nyumbani.

Aha! Kwa nini kufuta miwani? Haikuwa na vumbi, niliiangalia. Nimefikia uamuzi: nisifuate anachosema mtaalamu, nifuate anachofanya. Wangapi katika mji huu wangefikiria hivyo?

Ijumaa, 9 Februari

Siku kubwa. Sikwenda kazini. Mimi ni karani wa kutunza mafaili katika ofisi moja ya jimbo, na ofisi haijatulipa tangu mwaka juzi, kwa hiyo haina uso wa kulalamika. Nimevaa kofia ya marehemu baba na nimesimama Nyawera nyuma ya muuza mkaa tangu saa mbili ya asubuhi.

Saa sita Papa Donatien akafunga mwavuli. Akaingia stoo moja. Akatoka na gunia dogo. Dogo kabisa, la kubebwa na mtoto wa darasa la kwanza. Lakini alivyolibeba! Mgongo umepinda, shingo imekaza, tai imekwenda begani. Amepumzika mara tatu kabla ya kufika kona.

Kitu gani ni kidogo na kizito? Bukavu nzima inajua jibu.

Nikajitokeza kumsalimu. Akaliweka gunia nyuma ya miguu. Nikauliza nini kile. "Haiko kitu, Papa Adalbert. Ni vitu ya nyumba."

Vitu vya nyumba! Mchana anawaambia watu wanunue ng'ombe, kumbe anataka koltani yote ibaki kwake. Nimemchukia kidogo. Nimemheshimu zaidi.

Jumamosi, 10 Februari

Nimenunua! Ng'ombe mzima sasa yumo ndani ya kopo la maziwa ya unga, kifuniko kimefungwa kwa kamba ya kiatu.

Aliyeniuzia ni Cirhuza. Kwa sababu sisi ni majirani, alisema; mtu mwingine asingemkubalia. Alitaka nichukue upesi, na nisitangaze. Nilijiuliza kwa nini mtu aliyetajirika kwa kitu anakiuza kwa haraka hivyo. Nikaona ni kukosa elimu tu. Hajasoma, hajui kungoja.

Nimeichunguza vizuri. Nyeusi, inameta kidogo. Haina harufu. Nimelamba: haina ladha, lakini mate yanakuwa kijivu mpaka jioni. Nimesogeza sumaku ya redio iliyokufa: inashika kidogo, kisha inaachia. Tabia ya Cirhuza kabisa.

Kopo liko chini ya kitanda. Eulalie ameuliza kama nimenunua ng'ombe. Nimesema amenunuliwa. Si uongo wenye miguu minne.

Jumatatu, 12 Februari

Nimepita kwa wanunuzi wa madini, kuuliza tu. Bei imeshuka. Mpimaji alisema nirudi kesho, huenda itasimama.

Nikaenda mezani kwa Papa Donatien. Nikamwambia nina rafiki. Huyo rafiki alinunua koltani kidogo, ya majaribio. Afanye nini? Papa Donatien alinitazama ulimi kwa muda mrefu. Nilikuwa nimelamba tena asubuhi, na ulikuwa wa kijivu. Akasema rafiki yangu akauze leo, hata kwa hasara, maana kesho hasara itakuwa imekua.

Nikamwambia rafiki yangu alimwona mtu fulani mwenye tai akibeba gunia fulani. Aliita mteja aliyefuata. Mtu mwenye hatia hana la kujibu.

Siuzi.

Jumatano, 14 Februari

Imeshuka tena! Nauliza kila mtu kwa nini. Mpimaji anasema ni Ulaya. Muuza mkaa anasema ni Wamarekani. Maman mmoja wa samaki anasema viwanda vimejaza maghala yao na sasa vinakula polepole. Mimi nadhani ni yule mtoto. Amechoka. Pengine shule zimefunguliwa huko. Ningejua anwani yake ningemwandikia.

Ijumaa, 16 Februari

Wanunuzi wamefunga geti. Mlinzi amesema patroni amesafiri. Siku ya kurudi haijulikani.

Nyumbani nimekuta barua ya Séraphine, imeletwa na mfanyabiashara wa Walungu. Anafika Jumatano. Analeta mkeka wake mwenyewe. Mistari miwili tu, na wa pili unasema: "Adalbert, baiskeli sijasahau."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilibadilisha mbuzi wake kwa baiskeli. Magurudumu yangekuja wiki ya pili. Hayajaja mpaka leo.

Valérie ameniuliza ng'ombe ana rangi gani. Nimesema mweusi. Mkubwa? Mdogo, nimesema, lakini mzito. Yuko wapi? Anatunzwa na ndugu wa rafiki kule Luhwindja, majani ni mengi. Amenishukuru. Mtoto mzuri yule, hajawahi kunishuku kitu. Nimekosa hamu ya ugali.

Jumapili, 18 Februari

Misa. Padri ametangaza ndoa ya Valérie na Murhula kwa mara ya mwisho, na wanakwaya walipiga vigelegele. Murhula alinishika mkono kwa mikono miwili. Nimeona aibu. Niandike tu hivyo: aibu, mpaka masikioni.

Baada ya misa nimemwendea Cirhuza anirudishie. Akaapa hana kitu, hata friji anaiuza. Aliniuliza kama ninaitaka.

Jumatatu, 19 Februari

Nimemvamia Papa Donatien mbele ya foleni nzima. Nimemwambia yeye ndiye aliyenipoteza! Anahubiri ng'ombe na kubeba koltani!

Hakukasirika. Aliomba foleni imsamehe, akafunga mwavuli, akanipeleka kwake, nyumba ndogo ya mbao. Chumbani kuna magunia yamepangwa ukutani, kila moja na herufi ya kalamu. Akanionyesha lile nililoliona. Akalifungua.

Misumari.

Misumari! Ya inchi tatu. Nimeingiza mkono mpaka kiwiko kutafuta koltani chini yake. Misumari tu, na nimejichoma.

Akaeleza kwamba anawatunzia wateja mali zao. Watu wanafilisika kwa kununua kitu wanachosikia kinapanda, alisema, ilhali wangenunua kitu ambacho jirani hawezi kukikosa. Mmoja wa wateja wake aliona hilo mwenyewe. "Vita ikiendelea, watu watapiga misumari. Vita ikiisha, watu watapiga misumari." Kwa nini basi alilificha? Kwa sababu ni siri ya mteja. Mwanamke mwenye akili, alisema, lakini ana mume ambaye haachwi peke yake na bahasha.

Herufi ya gunia ni E. Atakuwa Élodie wa duka la dawa. Mume wake kweli ni hasara. Nimemhurumia sana yule mama.

Kisha nimekaa juu ya gunia na nimemwambia ukweli wote. Kopo, Cirhuza, Luhwindja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema jambo moja: nikamwambie mke wangu leo. Hakudai sukari.

Sikumwambia. Alikuwa na kazi nyingi.

Jumatano, 21 Februari

Siku mbaya kuliko zote.

Séraphine amefika saa nne, matope mpaka magotini, amepita vizuizi vinne na hakuna askari aliyethubutu kumwomba hata chumvi. Hakunywa maji. Akauliza ng'ombe.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Kuhusu viwanda, simu, watoto wa Kijapani. Nikaleta kopo. Nikaliweka mbele yake juu ya meza, juu ya kitambaa safi. Nikasema: dada, dunia imebadilika.

Akafungua. Akanusa. Akachungulia ndani kwa jicho moja, kisha kwa jingine. "Kichwa yake iko wapi? Na mukia? Nishike wapi, Adalbert?"

Hakuna aliyecheka. Eulalie alisimama na mwiko mkononi. Alinitazama hivi, akalitazama kopo, akanitazama tena. Hakupiga kelele. Ningetaka apige kelele. Valérie alivua kitambaa chake kipya cha kichwa, akakikunja vizuri, mara nne, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Hilo limeniuma kuliko maneno yoyote. Mtoto wangu atangoja mpaka Pasaka, au mpaka barabara ya Bunyakiri itakapopenda, kwa sababu mimi nilitaka kujua.

Séraphine ametandika mkeka mlangoni. Amekaa. Tunatoka kwa dirisha.

Eulalie naye ametoka kwa dirisha, bila kusema anakwenda wapi. Amechukua kopo la sukari.

Alhamisi, 22 Februari

Ng'ombe! Mwenye kichwa! Mwenye mkia!

Wa kahawia, doa jeupe kwenye paji, kamba ya katani. Eulalie amemleta saa tisa, na nyuma yake Papa Donatien na tai yake, anamsukuma kwa mwavuli.

Nimeelewa polepole. E si Élodie.

Kila wiki, kutoka faida ya sabuni anayouza soko la Kadutu, mke wangu alinunua misumari. Mwaka mzima. Na kila wiki robo ya sukari kwa ushauri. Panya wangu! Masista wa kule juu wanaezeka upya paa la shule yao. Ng'ombe wanao, misumari hawana. Papa Donatien alijua. Magunia manne yamekwenda, ng'ombe amekuja, na hakuna noti iliyotoka mfukoni mwa mtu.

Séraphine amemzunguka mara mbili. Amemshika mkia. Ameondoa mkeka mlangoni. Sasa ndipo amekunywa maji.

Nimemwomba Eulalie msamaha. Akasema ile misumari ilikuwa ya kutengenezea chumba cha pili, ili Valérie akija kujifungua apate pa kulala. Chumba hakipo tena. Alisema hivyo tu, akaenda kupika. Nimekaa na ng'ombe uani muda mrefu.

Jumamosi, 24 Februari

Wameoana! Séraphine alimshika Valérie mkono, akamtoa, na mvua ilisubiri mpaka wote wakaingia kanisani. Nimelia. Nilikuwa na suti ya kijivu, imetoka kwa yule ng'ombe wa nguo. Murhula alikuwa na viatu safi.

Kuku ishirini na wawili wameliwa. Risasi zilisikika mlimani mara mbili, kwaya ikaongeza sauti.

Jumapili, 25 Februari

Utulivu. Kopo la koltani sasa linashikilia mlango wa jikoni usijifunge. Linafaa sana kwa kazi hiyo.

Nimekaa kutafakari mambo yote, kwa utulivu, na nimejifunza somo kubwa. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilimfuata Papa Donatien, ilhali mwenye akili ni Eulalie. Nilimwangalia mtu asiye sahihi.

Basi leo nimemwangalia Eulalie. Saa nne ametoka uani amebeba gunia. Kubwa! Linamzidi kimo. Lakini alilishika kwa vidole viwili, na alikuwa anaimba.

Kitu gani ni kikubwa na chepesi?

Nimemwuliza. Amesema ni manyoya ya kuku wa harusi, ya kumtengenezea Valérie mito. Nimemwuliza kama ni hivyo tu. "Ni vitu ya nyumba, Papa Valérie."

Vitu vya nyumba! Neno lile lile!

Manyoya. Nani angefikiria? Vita ikiendelea, watu watalala. Vita ikiisha, watu watalala zaidi. Nimerudia yale maswali matatu ya wino mwekundu: nani atanunua, siku gani, na asipokuja. Maswali mazuri sana. Nimeyaandika upya, kwa bluu.

Jioni nimepita kwa Cirhuza, kuuliza tu. Ana magunia matatu ya manyoya, amesema, na mtu mwingine asingemkubalia, lakini sisi ni majirani. Hataki noti, anataka suti yangu.